Mdomo uliobariki chakula cha harusi yangu ndio ulioiita nyama kibudu

Wakuu, najua humu wengi ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea zote. Hili lilinipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Ni miaka ya hamsini, upande wa Maramba. Baba yangu Mshambaa, Mlutheri, alishuka kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Majirani zetu wengi walikuwa Wadigo, Waislamu.

Tulikuwa na desturi moja. Mkristo akiwa na shughuli, mnyama anachinjwa na Mwislamu, ili sinia liwe moja na kila mtu ale.

Kwetu mchinjaji alikuwa Mzee Bakari. Pasaka, Krismasi, ubatizo, kisu ni chake.

Siku ya harusi yangu alichinja mbuzi alfajiri, nyuma ya jiko, wachache waliona. Tulipotoka kanisani watu wakakaa kwenye majamvi. Mzee Bakari alikuwa ameenda kuswali adhuhuri.

Sasa, mume wangu alikuwa na shangazi yake, Shangazi Damari. Mama wa kanisa hasa, lakini mdomo haupumziki. Mara gauni langu linabana. Kwaya inapiga kelele. Chai maji matupu.

Yeye ndiye aliyeombwa kubariki chakula. Akasali vizuri mpaka mama yangu akatokwa machozi.

Akasema amina, akatafuna, akakunja uso.

“Mbona nyama ngumu hivi? Utadhani wametulisha kibudu!”

Kwa msiojua, kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Kwa Mwislamu ni haramu. Na hakunong'ona.

Bi Mwanaidi, shoga wa mama yangu, aliyetuazima hata sufuria la pilau, akatema tonge mkononi. Wengine wakajivuta nyuma.

Mama akazunguka majamvini anaapa. “Jamani, kachinja Bakari! Wallahi kachinja Bakari!” Mlutheri mzima anaapa wallahi. Wakamwitikia kwa adabu, lakini hakuna aliyerudisha mkono kwenye sinia.

Shangazi akacheka. “Mie natania tu.”

Mzee Bakari aliporudi watu walikuwa wameshatawanyika. Alipoambiwa yaliyotokea, akachukua kisu chake akaenda kwake.

Krismasi iliyofuata tulikula peke yetu, majirani hawakuja. Mama alipika kidogo na bado kikabaki. Niliumia jamani, kwa sababu aibu ile ilibandikwa kwenye harusi yangu.

Nikapata mtoto wa kwanza. Ukoo wa mume ukataka sherehe kubwa ya ubatizo, na Shangazi Damari ndiye msimamizi.

Nikamwambia, “Shangazi, shikamoo. Mtoto atabatizwa, lakini sherehe haifanyiki mpaka twende kwa Mzee Bakari.”

Msinione bibi mkadhani nilikuwa mpole. Tulikwenda, mimi na yeye.

Mwanamke yule mwenye neno kwa kila kitu alikaa kwenye mkeka anakunja na kukunjua pindo la khanga. Mwisho akasema, “Baba, siku ile nilikuwa natania.”

Mzee Bakari akamtazama. “Mimi na wewe si watani, mama. Lakini nimekusamehe. Ila waliosikia siku ile ni wengi, na hapa tuko watatu.”

Tukaelewa.

Siku ya ubatizo, kabla ya kuombea chakula, Shangazi alisimama mbele ya watu wote, na majirani zetu Waislamu wakiwemo. “Nilisema uongo juu ya nyama ya watu, na kinywa kilikuwa hakijakauka sala. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe.”

Mzee Bakari, aliyekuwa amechinja asubuhi ile mbele ya kila mtu, akawa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye sinia.

Wakuu, sisi Wakristo tunajua sana kutubu chumbani, mlango umefungwa. Uliyemchafua sokoni, kamsafishie sokoni. Hilo silipunguzi.

Lakini Bi Mwanaidi hakuwepo. Alikuwa ameshahamia Horohoro kwa mwanawe. Mama alimtumia salamu kwa kila aliyekwenda huko, hazikujibiwa. Sufuria lake hakurudi kulichukua. Mama amekufa ameniachia, ninalo hapa jikoni.

Karibuni mchangie. Na kama kuna mtu aliyehama na neno lako, mfuate wakati bado anafikika.