Sifa za Nyumbu Aliyekataa Kupita

Mume wangu, Mosiuoa Nkhahle, alirudi kijijini kwetu Ha Lebusa mwanzoni mwa mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Alikuwa na sanduku la mbao na koti la jeshi. Kwenye mkono wa koti palikuwa na nyuzi zilizobaki mahali utepe wa ukoplo uliposhonwa. Mimi ndiye niliyelifua koti lile, kwa hiyo naweza kusema kwa hakika kwamba utepe ule haukuanguka wenyewe. Ulikatwa kwa kisu.

Kwa miaka thelathini na tatu watu wa hapa walisema ulikatwa kwa sababu ya woga. Walisema kisimani, walisema mlangoni mwa kanisa, na mmoja alisema mbele ya wanangu. Naandika haya ili wajukuu wake wasirithi maneno hayo.

Mosiuoa alikulia malishoni, juu ya mgongo wa farasi, kama wanaume wengi wa milima hii. Chifu alipoita watu wa kwenda vitani alikwenda, na baada ya safari ndefu akafikishwa Italia. Huko milima iliyashinda magari. Risasi na chakula vilipandishwa kwa wanyama, na watu wetu, Wasotho, wakakabidhiwa nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Wengi waliona wamedharauliwa. Farasi kwetu hutungiwa mashairi ya sifa na kuitwa kwa jina mbele ya watu. Nyumbu hazai, na hakuna anayemsemea. Mosiuoa hakulalamika. Alipewa nyumbu jike mwekundu, akamwita Khunoana.

Mtu akirudi kutoka vitani, desturi yetu ni asimame barazani kwa chifu ajisemee sifa alizojitungia. Humo ndimo watu hujua alichofanya. Mwaka ule walirudi wanaume saba. Karani wa chifu alikuwa amekwisha kusoma vyeti vyao vya kuachishwa jeshi, na cheti cha mume wangu kiliandikwa kwamba alivuliwa cheo kwa kukataa amri akiwa njiani kwenda mbele. Kabla hajafungua kinywa, baraza zima lilikuwa limejua.

Alisimama wa mwisho, blanketi begani, akaanza:

“Khunoana, binti asiye na mtoto…”

Sikusikia mstari uliofuata, kwa maana watu walicheka.

“Nkhahle,” alisema Tšukulu, shemeji yake chifu, “tunataka sifa zako, si za mke wako mdogo.”

“Mwacheni,” mwingine akasema. “Alikuwa nyuma yake vita nzima. Anaujua mkia vizuri.”

Mosiuoa aliendelea mpaka mwisho, kwa sauti ile ile, huku watu wakifuta machozi ya kicheko. Chifu akamwuliza, “Na zako wewe?”

“Morena, zimekwisha,” Mosiuoa alimjibu chifu kwa heshima, akaketi.

Tangu siku ile wakamwita Baba Nyumbu.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini hakusema habari zake. Akasema, “Nimezisema.” Kisha akatoa daftari jipya sandukuni, akaniita mama, kwa lugha yetu 'M'e. “Wewe una mwandiko mzuri, 'M'e. Niandikie kabla sijazisahau.”

Nilikuwa mwalimu, nimesomeshwa na wamisionari, na siku ile nilikuwa nimeaibishwa mbele ya watu. Nilimwambia sikusomea ualimu ili niandike sifa za nyumbu. Alilirudisha daftari sandukuni na hakuniomba tena.

Aliishi maisha ambayo mtu yeyote angejivunia. Alikuwa mzee wa kanisa, aliimba besi, na watu walitoka mbali kuja kumwonyesha farasi kabla ya kununua. Jambo moja tu lilinichosha. Mnyama akisimama njiani, Mosiuoa hakumpiga. Alikaa chini na kumngoja. Siku ya harusi ya binti yetu Lineo tulichelewa kanisani kwa sababu ng'ombe mmoja wa mkokoteni aligoma kwenye kivuko, na baba wa bibi harusi akakaa juu ya jiwe kwa suti yake mpya. Watu walicheka tena. Nami nilidhani ni uvivu.

Alifariki Julai 1979, theluji ikiwa bado milimani. Asubuhi ya maziko alifika mzee mmoja juu ya farasi aliyechoka. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka upande wa Mokhotlong. Alijitaja kuwa Lefulebe, akanijia sala zilipokwisha, kabla udongo haujaanza kutupwa.

“'M'e, nimekuja kumsemea Khunoana.”

“Ntate,” nikamwambia kwa heshima ya baba, “hapa anazikwa mzee wa kanisa. Nyumbu hatatajwa leo.”

“Basi na mimi nisitajwe, kwa maana bila yeye ningezikwa Italia, tena vipande vipande.” Alinitazama. “Hakukuambia utepe ulikatwa kwa sababu gani?”

Tšukulu alikuwa hatua tatu kutoka pale, mzee sasa, ameegemea fimbo. Kama jibu lingekuwa baya, angelisikia, na jina la nyumba yangu lingezikwa pamoja na mume wangu. Lakini nilikuwa nimemzuia mtu mmoja kusema, na sasa nilikuwa namzika.

“Sema,” nikamwambia. “Sema watu wasikie.”

Lefulebe alieleza bila kupaza sauti. Ilikuwa alfajiri, ukungu mzito, na njia nyembamba ubavuni mwa mlima. Mosiuoa na Khunoana walikuwa mbele, nyuma yao wanaume kumi na mmoja na nyumbu wao, wamebeba risasi. Kwenye kona moja Khunoana alisimama. Mosiuoa alimchapa mara moja, nyumbu akatetemeka asisogee. Mosiuoa alipiga magoti, akaikagua njia, asione kitu. Afisa aliamuru amwache nyumbu na wengine wapite. Mosiuoa akaketi katikati ya njia.

“Afisa akamwambia, wewe ni mwoga. Mumeo akajibu, ‘Ndiyo bwana, na nyumbu pia.’ Hapakuwa na pa kumpita, tukarudi, tukazunguka. Risasi zilichelewa kwa muda wa saa nne. Kesho yake wakamkata utepe mbele yetu. Siku ya tatu mafundi wa jeshi wakafukua mabomu tisa pale konani.”

“Mbona hawakumrudishia?” aliuliza Tšukulu.

“Afisa alikuwa amehamishwa, na karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa.”

“Na yeye mbona hakutuambia?”

“Aliwaambia. Alizitunga sifa zile kambini, sote tulizijua. Nilimwuliza kwa nini hajiweki mwenyewe ndani. Akasema, mimi sikuona kitu chini, aliyeona ni Khunoana. Siwezi kujisifu kwa macho ya mwingine.”

Tšukulu alivua kofia. Lefulebe akaligeukia kaburi na kusema sifa za Khunoana, na hakuna aliyecheka.

Watu walipokwisha kunawa na kula, nilifungua sanduku la mbao. Daftari lilikuwa bado jipya. Nilimketisha Lefulebe mezani, nikaandika kwa mwandiko ule aliousifu mume wangu:

Khunoana, binti asiye na mtoto,
wanao ni kumi na mmoja, wote wanavaa buti.
Uliposimama, mlima ulisimama nawe.
Waliokuita mkaidi wanaota moto makwao.

Hapo Lefulebe alikwama.

“Kulikuwa na kipande cha masikio yake,” alisema. “Mistari miwili. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kimenitoka, 'M'e.”

Nimeiacha mistari miwili wazi katika daftari. Kama yupo aliyekuwa barazani mwaka 1946 na akasikiliza mpaka mwisho, naomba anijie. Kalamu iko tayari.