Susu Alipoingia Kidato cha Tatu

Wenzangu mliosoma miaka ile ya kubeba maji ya kumwagia sakafu ya darasa, bila shaka bado mnaikumbuka harufu yake. Shule yetu, pale juu ya Mitaboni, ilinuka vumbi lililolowa, chaki, na maharagwe yaliyoungua. Ilikuwa shule ndogo ya kutwa, ndogo hivi kwamba tukicheza kandanda, wasichana walikuwa mabeki na mwalimu wa hesabu golikipa. Karibu sote tulikuwa binamu. Ukimpenda msichana ilibidi kwanza uulize nyumbani kama inaruhusiwa, na kwa kawaida haikuruhusiwa. Na matokeo yetu? Tuseme tu kwamba mwalimu mkuu aliyasoma akiwa amevua miwani. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, na hakuna aliyewahi kuninyang'anya nafasi hiyo.

Muhula mmoja afisa wa elimu akatuma habari. Kidato cha tatu kilikuwa na wanafunzi wachache mno, na akija akute tumepungua, shule ingefungwa. Shule nyingine ilikuwa ya bweni, mbali, na baba hakuficha neno: "Hiyo ikifungwa, wewe unaenda Lukenya kwa mjomba wako. Utaponda kokoto." Mwenzetu Mutinda alikuwa ameshaenda huko huko, na ndiye aliyetupunguza. Nililia mpaka nikakosa chakula cha jioni, na mimi si mtu wa kukosa chakula.

Tulipungukiwa na mtu mmoja tu. Mwalimu mkuu alizunguka soko lote akitafuta mwanafunzi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mwishowe alifika kwetu hoi, akapewa uji, na katikati ya kikombe macho yake yakatua kwa susu, yaani nyanya yangu, mama yake baba. Susu alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba kabla ya kuolewa. Asubuhi iliyofuata alikuwa dawati la mbele, sweta ya kijani juu ya leso, kiondo miguuni.

Afisa alipoingia tulisimama wote na kumwamkia kwa sauti moja. Susu hakusimama. Kwetu mkubwa hamsimamii mdogo, mdogo ndiye humsalimu mkubwa, na afisa alikuwa Mkamba wa huko huko. Mwalimu mkuu akaanza kutokwa na jasho. Afisa akamwona susu, akavua kofia bila kufikiri, akainama.

"Wakya, susu?"

"Aa," akaitikia susu kwa utulivu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtajia. Susu akapiga makofi. "Kumbe ni wewe! Ulikuwa unakula udongo wa ukuta wangu!"

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Afisa akajikaza. "Mwalimu, huyu mama ni mwanafunzi kweli?"

"Mimi niko form three," susu akamjibu mwenyewe. "Wewe uko form gani?"

Afisa alikohoa. "Sawa, susu. Lakini nitakuwa nikirudi, na nataka kukupata hapa kila siku."

Basi susu akanaswa. Alikuja kila siku, akisinzia kwenye fizikia na kuamka kwenye Kiswahili. Katikati ya mtihani aliuliza kwa sauti, "Nyinyi mmeandika nini hapa?" Baba aliitwa shuleni kuelezwa kwamba mama yake anaongea darasani. Alisimama mbele ya mwalimu mkuu akiangalia viatu, akaahidi kuzungumza naye nyumbani. Hakuthubutu. Muhula ulipoisha majina yakasomwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa wa mwisho. Susu alinikumbatia, akajigamba mbele ya wazazi wote, "Mjukuu wangu amenishinda!" Nilimpenda sana siku ile.

Jumatatu moja dawati la mbele likawa tupu. Mwalimu hakufundisha. Tulitoka sote, yeye mbele, mpaka nyumbani, roho mkononi. Tukamkuta susu shambani akipanda maharagwe, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Alitugawia majembe, mwalimu akiwemo.

Shule haikufungwa. Nilipita pale juzi. Siku hizi ni ghorofa, watoto wametoka hata Syokimau, na kujua nafasi zao za mtihani wanabonyeza simu. Kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha la darasa akanisalimu, "Niaje, mzae." Kando yake palikuwa na dawati tupu. Nikamuuliza mwenye dawati yuko wapi.

"Hajakuja tangu wiki jana, mzae. Hata jina lake sijui."

Nilihisi uchungu ambao sikuutarajia. Shule yao imejaa, haiwezi kufungwa kwa kukosa mtu. Yetu ilikuwa inaweza, na ndiyo maana ukikosa siku moja tu, tulikuja kukutafuta.