Siku ya Mazezeta

Wateja wote wa duka la kijiji cha Luhembe, juu kidogo ya Mgeta, walichagua kopo la mafuta ya kupikia kwa macho: lisiwe na kutu, lisiwe limebonyea. Bi Semeni alichagua kwa sikio. Aliliweka kopo juu ya kiganja cha kushoto, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, kisha akalirudisha na kuomba jingine. Muuza duka alimweleza mara nyingi kwamba kopo lililojaa mafuta halina sauti. Bi Semeni alijibu kwa upole kwamba sauti ipo, ila imekaa nyuma ya mafuta. Mwaka huo wa 1975 nyumba yake ilikula mafuta kuliko nyumba yoyote kijijini, na sababu haikuwa uroho. Kopo haliwezi kuwa zeze mpaka liwe tupu.

Kwa asiyelijua, zeze la Bi Semeni lilikuwa kopo lililowambwa ngozi ya kenge upande mmoja, fimbo ndefu iliyopenya ubavuni, na waya mmoja tu uliochomolewa katika kebo ya breki ya baiskeli. Upinde wake ulikuwa na nyuzi za mkonge zilizopakwa utomvu. Mtu asiyejua akiusugua waya ule, hulia kama mlango wa ghala. Bi Semeni akiusugua, uliimba, na mara nyingine ulitamka majina ya watu, hasa wale waliochelewa kuamka siku za palizi.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mkulima wa kabichi na njegere, mwenye mabega mapana ya mtu aliyepandisha na kuteremsha mizigo milimani tangu utoto. Mazeze saba yalitundikwa jikoni kwake. Sita yalikuwa ya kopo. La saba lilikuwa la mti, jeusi kwa moshi na jasho la mikono, nalo aliachiwa na mjomba wake Yunusi. Kwetu mali hufuata upande wa mama, na wapwa watatu wa kiume walikuwapo, lakini mmoja alitaka shamba, wa pili alitaka redio, na wa tatu hakutaka chochote kinachohitaji mazoezi. Tangu mjomba azikwe, Bi Semeni hakuwahi kusikia zeze la mtu mwingine. Alikuwa akijipigia na kujijibu mwenyewe.

Hayo ndiyo aliyoyasema katika mkutano wa kijiji wa tarehe 14 Juni, chini ya kifungu cha Mengineyo. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kata, nimetoka chuo cha uhazili miezi minane tu kabla ya hapo, na nilikuwa nikiandika muhtasari. Bi Semeni aliomba itengwe siku moja ya kuwakusanya wapiga zeze wote wa mlimani na wa bondeni, waonane.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kibwana, alikunja uso wa kiserikali, halafu akashindwa kuushikilia. Ukoo wake na ukoo wa Bi Semeni ni watani, na mtani haachi nafasi kama ile ipite.

"Mtani, wapiga zeze walikwisha," alisema. "Mmebaki wewe na vyura."

"Vyura wanajua kupiga. Wewe ndiye sijakusikia."

Mkutano ukacheka. Mzee Kibwana akasimama, akaniambia niandike neno kwa neno.

"Wakiletwa uwanjani wapiga zeze kumi na wawili, kila mmoja akapiga wimbo mzima, Jumamosi zote za mtani wangu zitakuwa za kufundisha zeze, na zitahesabiwa kuwa kazi ya kijiji. Wasipotimia, lile zeze la mti nalichukua mimi, nikatagishie kuku."

Niliandika neno kwa neno. Asiyekulia katika utani anaweza kudhani yale yalikuwa maneno ya kuchangamsha baraza. Lakini anachochukua mtani hakidaiwi wala hakilalamikiwi. Anayelalamika hujitia aibu ya kudumu. Bi Semeni alijibu kwamba kuku wa Kibwana hawajawahi kutaga hata penye raha, na watu wakacheka tena. Njiani tukirudi, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja, hakucheka. Alihesabu kwa vidole wapiga zeze aliowajua. Alifika wa tatu, akakumbuka kwamba wa pili alikwisha hamia Dar es Salaam, akakunja kidole kimoja.

Nilijitolea kutengeneza tangazo. Hapa sina budi kueleza kosa langu kwa ukamilifu. Mashine ya kupiga chapa ya ofisi ilikuwa na ulemavu wa aina mbili: kibao cha kuachia nafasi kiligoma mara moja moja, na kistari kilikuwa kimelika kiasi cha kutokata tena stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia. Kichwa cha tangazo kilikuwa SIKU YA MAZEZE TAREHE 23 AGOSTI. Kilizidi upana wa karatasi, kwa hiyo niligawa neno baada ya silabi, nikaweka kistari, kama tulivyofundishwa. Kisha niliisoma stensili mara tatu. Nilihakiki saa, mahali, majina, hata nukta. Kichwa sikukisoma, kwa sababu kilikuwa kikubwa mno kukosewa. Nakala sitini zilirudufiwa na kuondoka na lori la kabichi, na ndipo nilipoitazama ile moja iliyobaki mezani:

SIKU YA MAZEZETA
REHE 23 AGOSTI

Chini yake, kwa herufi safi kabisa, iliandikwa kwamba wahusika wote wanaombwa kufika bila kukosa, kila mmoja na chombo chake.

Dereva wa lori alikuwa Stephano, mtu mwenye kifua cha ng'ombe na sauti ya kulingana nacho. Hakubandika matangazo kimyakimya. Alisimama Nyandira, akasoma. Alisimama Mzumbe, akasoma. Kihonda alisoma mara mbili kwa kuombwa, halafu akawapa wenzake wa magari ya Turiani nakala kumi, nao wakaenda kuwasomea wakata miwa. Kufikia Jumatano, bonde zima lilijua kwamba serikali ya kijiji cha Luhembe imetenga siku rasmi kwa ajili ya mazezeta, wapumbavu waliothibitishwa, na kwamba watakaguliwa kuanzia saa tatu asubuhi.

Nilikwenda kwa Bi Semeni na barua ya kuomba radhi, niliyoipiga chapa. Nilimwamkia, nikampa barua na tangazo, nikabaki nimesimama. Alikuwa katika kisomo cha watu wazima mwaka wa pili, akipenda kusoma kwa kidole. Aliiweka barua kando, akaanza na tangazo. "Si-ku ya ma-ze-ze..." Kidole kikasimama. "...ta." Akarudia tangu mwanzo. Kisha akaketi juu ya gunia la njegere, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, nami nikiwa sijui kama niiokote au niondoke.

Nilisema ningetoa tangazo jipya la kusahihisha.

"Mwanangu, usiguse," alisema alipopata pumzi. "Ungewaita wapiga zeze wangekuja watatu. Umeita mazezeta. Kila ukoo utakuja kuhakikisha kwamba watani wao wamefika."

Sikuamini. Wiki hiyo hiyo nikaanza kuamini, kwa maana ofisini zilifika barua. Ukoo mmoja uliuliza kama watani wao wamekwisha kujiandikisha, na kama bado, wao walikuwa na majina kumi na manne ya kupendekeza. Mwingine uliuliza kama zezeta aliyezeeka husamehewa nauli. Barua zote nilizijibu kwa nakala mbili.

Tarehe 23 Agosti ilikuwa Jumamosi, wiki mbili kabla ya Ramadhani, na ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta ya kabichi. Watu walisikika kabla ya kuonekana. Mzee Kibwana alikuwa amewahi alfajiri kutundika ubao penye kichochoro cha kuingilia uwanjani: MAZEZETA WAPITE HAPA. Alipotaka kwenda nyumbani kunywa chai akakuta njia ni hiyo moja. Alipita chini ya ubao wake mara nne asubuhi ile, na kila mara alipigiwa makofi.

Walikuja na kila kitu chenye uwezo wa kufungwa waya. Ndugu wawili walileta sufuria iliyotoboka. Mzee mmoja alileta jembe lenye uzi, akalisugua kwa heshima zote. Ukoo mmoja uliwaleta watani wao wakiwa wamewavisha maua ya maboga, na kumbe wale watani nao walidhani kwamba wao ndio waliowaleta wenzao. Nilikuwa na orodha yenye safu nne, ya kwanza ya wapiga zeze, nikashindwa kujua nani niandike katika ipi.

Lakini katikati ya sufuria na majembe, yakaanza kutoka mazeze. Mikaeli, mpiga kengele wa kanisani, alifungua koti lake na kutoa zeze la kibuyu ambalo, kwa maneno yake, mkewe alilijua kama chombo cha kupimia mbegu. Alikuwa amelificha miaka kumi na minne, akiona haya. Nilimwuliza kwa nini siku ile haoni haya. Alitazama jembe lenye uzi, akatazama maua ya maboga, akaniambia hakuona wa kumwonea haya. Akapiga wimbo wa mavuno mwanzo hadi mwisho, macho yamefumbwa. Wa kwanza.

Hidaya alitoka Turiani akiwa amebeba mgongoni kitu kilichofungwa kwa kanga kama mtoto. Garini walimsifu kwa kuwa na mtoto asiyelia. Alipokifungua, kikalia: zeze la kopo la maziwa, sauti nyembamba kama sindano. Bi Semeni alipolisikia aliacha kutandika mikeka. Alikwenda akachuchumaa mbele ya yule mwanamke, akachukua lake la mti, akamjibu. Hidaya akajibu. Hawakuwa wamesalimiana bado.

Kufikia saa saba walikuwa wanane. Saa nane wakawa kumi. Mazeze hayakupatana hata mawili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekaza waya kwa kufuata sauti ya nyumbani kwake, na yalipopigwa pamoja mbwa wote wa kijiji waliondoka kwa utaratibu. Saa tisa alisimama wa kumi na moja, fundi viatu wa Kihonda. Baada yake akasimama mmoja wa wale ndugu wa sufuria, akashindwa. Wa jembe, akashindwa mara mbili. Na Stephano alikuwa amekwisha piga honi, kwa kuwa saa kumi lazima lori lianze kushuka kabla ukungu haujafunga barabara.

Mzee Kibwana alitembea katikati ya uwanja, akanyoosha mikono.

"Kumi na mmoja, mtani. Lete zeze, kuku wanasubiri."

Bi Semeni alikuwa amelishika zeze la mjomba kwa mikono yote miwili. Mikaeli akasema kwa sauti kwamba Semeni mwenyewe hajahesabiwa. Kibwana akasema mwenye shughuli hajihesabu. Pakatokea mabishano, nikaitwa nisome muhtasari. Sauti yangu ni ndogo. Walinisimamisha juu ya kreti. Nikasoma: "Wakiletwa uwanjani wapiga zeze kumi na wawili."

"Haikusemwa awe mgeni," Mikaeli akasema.

"Ilisemwa aletwe," akajibu Kibwana, amefurahi kupita kiasi. "Huyu hakuletwa. Amekuja kwa miguu yake, tumemwona wote."

Halafu Hidaya akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: huku mlimani mtu asiyeweza kutembea huletwaje.

Kila mtu wa Mgeta analo jibu. Hakuna gari linalopita katika vijia vile; mgonjwa hushushwa kwa machela, miti miwili na magunia, watu wanne mabegani. Machela ya kijiji ilikuwa ghalani. Ililetwa mbio. Bi Semeni alitembezwa hadi nje ya uwanja, akalazwa, zeze kifuani, na watani wakaanza kumlilia kilio kile wanachokijua wao tu, wakisimulia ulafi wake wa mafuta na ugumu wa kabichi zake. Wabebaji walikuwa Stephano, Mikaeli na wale ndugu wa sufuria. Hawakufika mbali. Penye ule ubao wa kichochoroni mmoja wa ndugu alicheka mpaka akauachia mti, na machela ikainama.

Mzee Kibwana alikuwa karibu kuliko wote. Mtu yeyote wa mlimani akiona machela inainama, bega lake hutangulia kabla ya akili. Aliruka, akaweka bega chini ya mti, akainua, na wote wanne wakaingia uwanjani kwa hatua moja. Bi Semeni aliketi juu, akaweka upinde kwenye waya.

"Ahsante, mtani," alisema kutoka juu. "Umenileta mwenyewe."

Kibwana alijaribu kugeuza shingo, mti ukamzuia. Kelele zilizopigwa zilimfanya Stephano asahau honi. Na kwa kuwa masharti yalitaka wimbo mzima, na mbebaji hawezi kumtua mgonjwa akiwa katikati ya jambo lake, walizunguka naye uwanja. Bi Semeni alichagua wimbo wa mjomba Yunusi wenye beti kumi na tisa. Kufikia ubeti wa saba mwenyekiti alikuwa anatokwa jasho. Kufikia wa kumi na mbili nilimsikia, alipopita mbele ya kreti langu, akiitikia kiitikio kwa pumzi fupi fupi, bila kukosea hata neno.

Nikaandika jina la Semeni katika safu ya kwanza, namba kumi na mbili.