Nusu Saa Baada ya Kuamka

Asubuhi ile niliondoka nyumbani bila ya safari. Ndivyo nilivyokuwa nikiondoka siku zote. Nilivaa makubadhi, nikateremka ngazi, na njia niliyoiona mwanzo ndiyo niliyoifuata.

Skuli niliiacha mapema, kwa sababu dirisha la darasa lilikuwa upande wa barabara. Tangu hapo nimepaka chokaa nyumba za Mji Mkongwe, nimechuma karafuu, nimefunga mwani Kiwengwa, nimebeba mabegi ya wageni. Kila kazi niliiacha ikiwa bado nzuri. Na kila nilipopita niliuliza: kwa nini saa hii inachelewa, kwa nini popo hajigongi. Watu wa barazani wakaniita Msafiri, ingawa kisiwa chenyewe mtu hukimaliza kwa siku chache. Kulala nikilala kwa dada yangu Zuwena, ghorofa ya tatu, Michenzani, katika yale majumba marefu ambayo macho huchoka kabla hayajafika mwisho.

Siku hiyo miguu ilinipeleka Mkunazini. Nilisimama kichochoroni nikimtazama seremala akitia kiraka mlango wa zamani. Sikuwa na njaa. Sikuwa nimegombana na mtu. Moyo ukaanza kupiga shingoni. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama si yangu, pumzi ikifika kooni inarudi. Kuta mbili nyeupe nikaziona zinasogeleana. Mkojo ukanitoka kidogo. Nalisema hili kwa sababu nililionea haya miezi mingi, na huenda wewe unayesoma nawe unalo la kuonea haya. Nilijua nakufa. Sikudhani, nilijua.

Seremala alinikalisha barazani, akanipepea kwa kofia yake.

"Yakhe, una sukari weye?"

Sikuweza kumjibu. Baada ya muda yote yaliondoka kama yalivyokuja, nikabaki nimelowa jasho, na mlango mbele yangu una kiraka kipya.

Hospitali walinipima moyo, wakanipima damu. Vyote vizima. Nilirudi mara ya pili, nikarudi mara ya tatu. Mara hiyo ya tatu mpimaji alinitambua, akacheka kwa wema. "Moyo wako huu ungekuwa wangu," alisema, "ningekimbia nao mpaka Nungwi."

Nikafurahi mpaka getini. Nilipotoka getini hofu ile ikanikamata tena.

Basi nikaanza kupakimbia kila pahala iliponikamata. Nikaacha Mkunazini. Ikanikuta sokoni, nikaacha soko. Ikanikuta msikitini katikati ya sala, nikaanza kusali nyumbani. Nikabakiwa na ngazi za jengo letu, na hizo nazo zikapungua. Mwisho nilikuwa nikiteremka mpaka ngazi ya tatu kutoka chini. Hapo miguu iligeuka maji, nikarudi juu nimeshika ukuta.

Miezi saba nilikaa hivyo. Zuwena alinifukizia ubani, akaninywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, akanisomea. Moyo ulitulia alipokuwa akisoma. Miguu ndiyo iliyokataa. Kisha ikaingia huzuni isiyo na machozi. Wali ulikuwa kama karatasi mdomoni. Nikawa nalala.

Kila siku tuliamka alfajiri, tukasali, tukanywa kahawa, nami nikarudi kitandani mbio kabla kifua hakijaanza vitimbi vyake. Huo usingizi wa pili ndio uliokuwa dunia yangu. Ndani yake nilitembea. Nilipita juu ya mabati ya Mji Mkongwe bila ya kuyaliza. Nilifungua mlango Malindi nikatokea Kizimkazi. Niliuliza watu maswali na wakanijibu kwa lugha ya maji, na nikawafahamu. Nilipozinduka jua limeshapanda, miguu imechoka kama ya mtu aliyetoka mbali, na makubadhi yangu yako palepale mlangoni, yana vumbi la kutovaliwa. Kuogopa kufa nilikuwa nimeshakuzoea. Lililoniuma ni kwamba huenda sitatembea tena ila usingizini.

Siku moja Zuwena alisema hataki tena kuniona hivyo. Kulikuwa na kliniki ya maradhi ya akili, na jirani alikuwa na gari. Sikukubali kuona njia, kwa hiyo alinifunika kanga kichwani, akanishika mkono, tukateremka. Kwenye ngazi mwanamke mmoja akatusimamisha.

"Bi Zuwena, siku hizi anafichwa bwana harusi?"

"Mahari yenu ndogo," Zuwena akamjibu. "Nampeleka kwa wengine."

Nilicheka chini ya kanga. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu, na nilipokumbuka kuogopa tulikuwa tumeshaipita ngazi ya tatu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Rahma, msemaji wa polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata la mkojo. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia sokoni mtu akipiga kelele za mwizi.

"Nimesikia."

"Watu huuliza kwanza?"

"Hukimbia kwanza."

"Basi mwili wako umepiga kelele za mwizi. Moyo umekimbia kweli, pumzi imekimbia kweli, huigizi. Mwizi ndiye hayupo."

Alinipa jina la maradhi na akaniambia yana dawa. Nilimeza kidonge kila siku. Wiki za mwanzo tumbo lilichafuka na mdomo ukakauka, na sikuona nafuu yoyote. Yeye alikuwa ameshaniambia itakuwa hivyo, kwa hiyo nilivumilia. Pamoja na kidonge alinipa kazi: niteremke mpaka ngazi inayonitisha, nisimame, nisikimbie. Hofu nayo huchoka, alisema. Hilo sikuliamini. Nilisimama nikahesabu mpaka kumi, nikakimbia.

Katika kliniki hiyo walikuwa wakifanya utafiti. Walitaka kujua mwili wa mtu mwenye hofu unafanya nini anapoamka, na walikuwa wakiutafuta huo ushahidi katika mate. Daktari Rahma alinisomea fomu yote. Utafiti si dawa, alisema, na nikikataa tiba yangu haitaguswa. Mimi nilikuwa nimeshakubali moyoni tangu aliposema mate. Miezi mingi sikuwa nimetaka kujua kitu. Nikamuuliza mate yanajuaje. Akanieleza kuwa kuna homoni ambayo mwili huitoa kumwamsha mtu. Mtu akishafumbua macho, kwa kawaida homoni hiyo huzidi kupanda kwa nusu saa hivi, kisha hushuka mchana kutwa.

Nilipewa vichupa na vipande vya pamba. Pamba ya kwanza nikiamka tu, ya pili baada ya nusu saa, ya tatu jioni. Kabla ya pamba ya pili nisile, nisinywe, nisipige mswaki. Vichupa viwekwe kwenye barafu. Zuwena aliviweka kwenye friza karibu na nguru, akavibandikia karatasi: MATE YA MTU, SI CHAKULA.

Majibu ya siku za mwanzo yaliporudi, Daktari Rahma aliyatazama sana. Alinichorea mstari kwa kalamu, kilima cha asubuhi kinavyotarajiwa. Halafu akachora wangu. Haukuwa na kilima. Ulianza unateremka. Na haukuwa wangu peke yangu, alisema, wapo kadhaa.

Niliutazama mstari ule kama nilivyokuwa nikitazama njia. Nikamuuliza kilima huanza wakati gani hasa.

"Mtu anapoamka. Wewe ulipoamka, kitu cha kwanza ulifanya nini?"

"Kuamka kupi?"

Akaweka kalamu chini.

Nilimweleza. Alfajiri naamka kwa ajili ya sala. Nasali, nakunywa kahawa, nalala tena. Jua likipanda naamka kwa ajili ya siku. Fomu iliuliza asubuhi, na asubuhi yangu mimi ni hiyo ya jua. Pamba ya kwanza naitia mdomoni wakati mwili umeshaamka mara moja, umeshakunywa kahawa, na pengine kilima umeshakipanda na kukishuka gizani.

Daktari Rahma alicheka mpaka akavua miwani. "Na mimi ndiye niliyeiandika fomu hii," alisema, "na mimi kila siku nalala baada ya alfajiri." Akaichukua fomu, akaanza kuifuta.

Tulirudia upya. Sasa pamba ilikuwa alfajiri, kabla hata ya kutawadha. Na baada ya sala nisiguse kahawa, nisilale, nikae mpaka nusu saa itimie. Niliketi dirishani. Ndipo nilipojua kwa nini nilikuwa nikikimbilia kitanda. Hofu ilikuja kila siku, saa ileile. Moyo ulipanda shingoni, vidole vikafa ganzi. Na mimi sina pa kwenda, nimefungwa na kipande cha pamba. Nikabaki nimekaa, nikitazama mwanga unavyoingia Michenzani, dirisha moja baada ya jingine, kama mtu anayefunua kawa polepole juu ya sinia. Mikono ilitetemeka. Kisha kutetemeka kukapunguka. Pamba ya pili ilipofika wakati wake, nilikuwa mtu aliyechoka aliyeketi dirishani, hai, na sikuwa nimefanya chochote.

Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilimwita Zuwena.

"Njoo uone. Inapanda, halafu inashuka yenyewe."

Alikaa pembeni yangu, akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. "Inashuka," alisema, na akageuza uso.

Nilipomweleza Daktari Rahma alisema hilo halikuwemo kwenye fomu, wala hawezi kuliandika kama jibu la utafiti. Majibu bado wanayahesabu, na sijui yatasema nini. Lakini aliniambia niichukue nusu saa ile, niiteremshe kwenye ngazi.

Nikaiteremsha. Ngazi ya tatu nilikaa nusu saa, watu wakinipita, mmoja akaniuliza kama nauza kitu. Kisha ya pili. Kisha mlango. Kisha msikiti, safu ya nyuma, karibu na viatu. Zikapita wiki nyingi. Siku nyingine nilirudi nyuma, nikalia. Mwisho nilimkuta seremala Mkunazini.

"Hukunijibu, weye," alisema. "Una sukari au huna?"

Asubuhi ya juzi niliondoka bila ya safari. Zuwena aliniona navaa makubadhi, akanifungulia mlango. Nilipanda gari iliyosimama mbele yangu, nikashuka Paje, nikafuata kijia cha mchanga kwenda kaskazini. Njiani ilinijia. Nikakaa juu ya jiwe la matumbawe, nikaisubiri. Kaa wadogo walitoka mashimoni wakanitazama, wakarudi. Ilipokwisha nikajifuta mchanga.

Nikatokea Bwejuu, pahala nilipopita mara nyingi ila sijapata kulala. Kwenye ua mmoja mwanamke mtu mzima alikuwa akigeuza mwani juani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia anaitwa Bi Mwaka. Akaniuliza nnakwenda wapi. Nikasema sijui.

"Asiyejua aendako," alisema, "hapa ameshafika. Shika ncha hiyo tugeuze."

Tulipomaliza alinionesha chumba, kitanda cha kamba, dirisha lenye bahari ya kijani. Nimekaa hapo ninapoandika haya.

Nakushukuru, dada yangu, uliyenifunika kanga. Namshukuru daktari aliyenisikiliza. Alhamdulillahi kwa miguu. Na wewe uliyejifungia ndani, nenda ukapimwe moyo, na wakikwambia ni mzima usione haya kwenda kliniki ya akili. Dua na kidonge havigombani; kidonge usikiache bila ya kumuuliza aliyekupa, mimi bado nakimeza. Na ile nusu saa, usiilalie. Kaa nayo.

Sikutaka kumficha mwenye nyumba. Nilimwambia, "Bibi, mie nnaugua hofu. Ukinikuta alfajiri nimekaa mlangoni natetemeka, usishtuke. Hupita."

Alinitazama kama anayetazama mwani, kuona umekauka wapi.

"Kizingiti kipana," alisema. "Nami hukaa papo hapo. Halafu unataka nikuamshe tena jua likipanda?"

"Hapana, bibi. Mara moja inatosha."