Sungura Niliyemleta kwa Simbilisi wa Mama

Mama alipofariki, aliacha simbilisi wawili jikoni, wote majike. Alikuwa mtu wa Bukavu, na huko kwao wanyama hawa wadogo wasio na mkia hufugwa ili waliwe. Hapa mtaani kwetu, Mangobo, majirani waliwaita panya, wakamwuliza atawapika lini. Hakumpika hata mmoja. Kila asubuhi aliwaletea matembele, nao walianza kupiga mluzi kabla hajafungua mlango.

Baada ya mazishi kazi hiyo ilimwangukia Papa, baba yetu, karani wa serikali aliyestaafu, ambaye sikuwahi kumwona akigusa hata paka. Alichuchumaa mbele ya kizimba akiwalisha jani kwa jani, akiwaeleza habari za mtaa. Sisi wengine ndani ya nyumba hakutuambia kitu.

Mimi bintiye nilimhurumia. Jumamosi moja nikanunua sungura sokoni, dume jeupe, nikampakata ndani ya katoni nyuma ya toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, hadi nyumbani. Kizimba kilikuwa kimoja tu.

"Bon, utafute kingine," Papa alisema. "Hawa wamezoea kuwa wawili."

"Papa, wote wanakula majani. Watazoeana."

"Mimi sijue mambo ya nyama za kufuga. Lakini ule iko na miguu ya nguvu. Angalia."

Sikuangalia. Nilimtia ndani, na siku za kwanza walilala wamegusana ubavu kwa ubavu. Niliwapiga picha nikamtumia dada yangu aliye Kinshasa. Alijibu kwamba Mama angefurahi, nami nikajivuna.

Wiki ya pili niliona yule simbilisi mdogo kati ya wawili anasubiri wenzake washibe ndipo asogelee majani. Mgongoni alikuwa na sehemu isiyo na manyoya, na sungura alikuwa akimpanda na kumkimbiza hadi kwenye kona. Niliyaona hayo yote. Nikajiambia ni ugeni tu, nikaenda shuleni kufundisha.

Mchana mmoja niliporudi, nilimkuta Papa amepiga magoti jikoni. Yule mdogo alikuwa anajivuta kwa miguu ya mbele. Ya nyuma ilimfuata kama kitambaa.

"Alimupiga teke," Papa alisema. "Moja tu."

Nilikimbia kumwita jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya uganga wa mifugo. Alipapasa uti wa mgongo kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Umevunjika. Sungura na simbilisi hawawekwi nyumba moja, mama. Hata wakipendana, teke linatosha. Tena sungura anaweza kubeba ugonjwa wa kifua, yeye mwenyewe asiumwe. Huyu mwingine mumuangalie."

Papa alimshika mgonjwa mapajani mpaka pumzi ikakatika, kabla jua halijazama. Tulimtenga yule wa pili siku hiyohiyo, lakini baada ya siku chache pua yake ilianza kutoa maji, akawa anahema kwa mdomo, na majani yakanyauka mbele yake. Naye akafa. Kama ni ugonjwa au ni upweke, mzee hakuweza kutuambia.

Papa aliwazika nyuma ya choo, mahali ambapo mbwa hawafiki. Nilisimama kando yake nikamwomba msamaha. Aliendelea kusawazisha udongo kwa jembe.

"Mimi ndiye nashindaka hapa siku muzima," alisema mwishowe. "Niliona vile alikuwa anamusumbua. Nikanyamaza, sababu ulikuwa na furaha, na hapa nyumbani furaha ilikuwa imepotea."

Nilitamani angenitukana.

Sungura yupo bado, amenenepa. Namlisha mimi. Papa sasa hunywa chai yake uani, peke yake, na nikimwuliza habari za mtaa husema hajui.