Ile Likizo ya Mashua ya Kikapu

Madam aliniambia tunakwenda Vietnam nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, nakwangua uji wa mtoto uliogandia kwenye vigae. Alisema "tunakwenda" kwa furaha ya mtu anayekupa zawadi, kisha akangoja niinuke nishangilie. Niliinuka, nikashangilia kadiri mgongo ulivyoniruhusu. Siku hiyo mimi nami nilikuwa na neno langu la kumwambia, nimelipanga tangu alfajiri, na sasa likaniishia mdomoni.

Neno lenyewe lilikuwa Desemba. Mkataba wangu wa pili ulikuwa umekwisha tangu kabla ya Ramadhani, na mkataba ukiisha mtu hupewa tiketi ya kwenda kwao na mwezi wa kupumzika. Madam aliniomba nisubiri kidogo, mtoto aanze shule kwanza. Nikasubiri. Mtoto akaanza, nikaombwa nisubiri tena, mtoto aizoee shule. Huko Kisii nina binti yangu anayelelewa na mama yangu. Nilipoondoka alikuwa na pengo la meno ya mbele; sasa ana miaka kumi na moja, na Desemba ndiyo angepata kipaimara kanisani kwetu. Nilimwahidi kwamba nitakuwepo. Sikusema nitajaribu, nilisema nitakuwepo.

Jioni ile nilipokwenda kutupa taka nilimkuta jirani yangu, dada Mganda anayefanya kazi nyumba ya pili. Sisi wa Rashidiya, hapa Dubai karibu na uwanja wa ndege, huongea kwa vipande; ndege ikipita juu ya paa tunanyamaza, ikishapita tunaendelea tulipoachia. Nilimweleza habari za Vietnam. Akacheka hadi akashika pipa.

"Dada, hiyo safari ni yao," akasema. "Lakini watakuhesabia wewe. Mimi walinipeleka kwa theluji. Nikabeba watoto, nikabeba viatu vya watoto. Kurudi hapa nikaambiwa, si ulitembea?"

"Madam wangu si hivyo."

"Wote si hivyo, mpaka siku ya kuomba likizo."

Ndege nyingine ikapita, nikamwaga taka zangu. Na nisimsingizie madam: si mtu mbaya. Hajawahi kunipigia kelele, na nikiugua ananipikia supu mwenyewe. Shida yake ni kwamba anaamini kila anachokipenda yeye, mimi nakipenda vilevile.

Basi tukaenda. Walivyoona wao Vietnam sijui. Mimi niliiona kwa nyuma ya kigari cha mtoto. Saa za huko ziko mbele ya zetu, na mtoto wa miaka minne hajui saa. Usiku akawa macho makavu, anataka hadithi, anataka maji, anataka kujua kwa nini feni ina mikono mitatu. Wenyewe walikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Asubuhi wao wanashuka kula wamepumzika, mimi nashuka nimembeba binti yao, macho yanawasha kama yametiwa pilipili. Nilichoka. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo. Nilichoka hadi nikiulizwa nataka kula nini nasikia hasira, kwa sababu kuchagua nako ni kazi.

Siku ya mashua madam alikuwa ameingojea kuliko zote. Alikuwa amesoma kwamba kuna wavuvi wanaowatembeza wageni kwa mashua za kienyeji, katikati ya minazi mifupi inayoota ndani ya maji. Mimi maji siyapendi. Kwetu ni vilima na migomba, na mto wetu mtu anauvuka kwa kuruka mawe. Tulipofika gatini nikaona mashua zenyewe ni vikapu. Simaanishi zinafanana na vikapu. Ni vikapu kweli, vya mianzi iliyosukwa, mviringo kama ungo mkubwa, havina mbele wala nyuma. Nikamtazama madam nione kama anatania. Alikuwa tayari anapiga picha.

Kikapu kimoja kinabeba watu wachache, kwa hiyo madam na mumewe, sir, wakapanda cha mke wa mvuvi, mimi na mtoto tukapanda cha mvuvi mwenyewe. Mzee huyo alikuwa rika la mjomba wangu, mwembamba, miguu mitupu, kofia ya majani iliyochongoka juu. Alitufunga majaketi ya kuelea, la mtoto kwanza, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Halafu akakaa ukingoni na kafi lake, akaanza kuchota nalo maji mbele yetu, huku na huku, na kikapu kikaenda bila kuzunguka. Nilimtazama mikono kwa muda nikashindwa kuelewa kinaendaje.

Nilikuwa nimeshika ukingo kwa nguvu zote, pua yangu karibu na mianzi, na nikasikia harufu ninayoijua. Nilidhani ni uchovu unanichezea. Nikainusa tena. Nikamgusa mzee begani, nikamwonyesha ile rangi ya kahawia iliyoziba matundu, nikainua mikono kuuliza. Akacheka. Akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akalia kama ng'ombe, kisha akaonyesha nyuma ya huyo ng'ombe. Mtoto alicheka hadi akakohoa. Kumbe huko vikapu husiribwa samadi na mafuta ya mti ili maji yasipenye.

"Hata sisi tunasiriba," nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kisingemsaidia zaidi. "Nyumba. Kuta." Nikapaka hewa kwa kiganja, kama mama yangu anavyopaka ukuta wa jikoni kabla ya Krismasi. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba nimemtajia mtu tunayefahamiana sote wawili. Niliacha kuushika ukingo.

Mbele, penye uwazi, vikapu vingi vilikuwa vimekusanyika. Kulikuwa na spika kubwa inayopiga muziki, na vijana wanavizungusha vikapu vyao kama pia, wageni wanapiga mayowe. Ikafika zamu ya mzee wetu kuonyesha uvuvi. Akasimama, akarusha kimia, kikafunguka hewani mviringo safi na kuanguka majini. Watu wakapiga makofi. Akakivuta, hakuna kitu. Akarusha tena, makofi tena, hakuna kitu tena, wala uso wake haukuonyesha kwamba alitarajia chochote. Uso huo naufahamu. Ndio ninaouvaa wageni wa madam wakija na nikaambiwa nimlete mtoto awaimbie.

Wakati huo kikapu cha madam kilikuwa kimeshaanza kuzungushwa, na yeye anacheka, anapiga kelele ya kuhimiza, "Yalla, yalla!" Mzee akanigeukia, akachora duara hewani kwa kidole: nasi tuzunguke? Mtoto akasema ndiyo kwa mwili mzima. Mimi nilitaka kujibu hapana, lakini hata jibu hilo sikumbuki kulitoa. Nakumbuka jua usoni, na kope zilizokuwa nzito mno kuziinua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mtoto. Mzee aliweka kidole mdomoni kumwambia anyamaze. Akatupeleka pembeni, kwenye kivuli cha minazi, mbali na spika. Akamkatia ufito, akafunga uzi na chambo, akamwonyesha mahali kaa wanapojificha kwenye matope, wakavua wawili bila kusema neno. Mimi akanifunika uso kwa kofia yake.

Kilichoniamsha ni kicheko cha madam. Kikapu chao kilikuwa kimetufuata, na yeye ameinua simu.

"Jitazame!" akasema. "Umelala kama malkia! Usiguse kofia, usiguse, ngoja nipige nyingine."

Nikaona haya, nikaketi vizuri. Mzee alikuwa kichwa wazi, jasho linamtiririka hadi kidevuni, kafi mapajani, anatazama majini kana kwamba si yeye. Nilimrudishia kofia yake kwa mikono miwili, kama tunavyompa mzee kitu kwetu. Naye akaipokea kwa miwili. Ule usingizi haukufika nusu saa, lakini hadi leo sijapata mwingine ulioufikia. Madam alinitumia picha hapo hapo, na jioni nikaituma kwenye simu ya mama, kwa kuwa binti yangu alikuwa amenisumbua wiki nzima anataka kuiona hiyo mashua.

Tulirudi Dubai, masanduku yakafunguliwa, nikafua. Nguo zilipokwisha, na nyumba imetulia, nikamwendea madam jikoni akinywa chai yake, nikalitoa lile neno langu. Nikasema, Desemba naomba niende nyumbani. Nikaeleza habari za kipaimara.

Alinitazama kwa mshangao, na mshangao wenyewe ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo lililonikata maini.

"Lakini umetoka likizo juzi," akasema.

"Nilikuwa kazini, madam."

"Kazini?" Akachukua simu, akatafuta, akanigeuzia. Mimi, kikapuni, kofia usoni. "Tazama. Mimi mwenyewe sikulala hivyo siku zote zile. Habibti, tumekupeleka mahali ambapo watu wanaota kwenda." Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu ambaye zawadi yake imetupwa. "Mwaka ujao, inshallah. Wiki hii tunafanya upya viza yako na mkataba, khalas, basi, usiwe na wasiwasi."

Kulala, kweli nililala. Picha ilikuwa hapo. Nilikasirika hadi masikio yakavuma, lakini hasira nayo inahitaji nguvu, na nguvu zangu zilibaki kwenye pasi na kwenye ngazi za nyumba hii. Nilichukua kikombe chake nikakiosha. Nilijidharau kwa kile kikombe kuliko kwa kitu chochote nilichowahi kufanya katika nyumba za watu.

Ijumaa, familia ilipokwenda kwa mama yake sir kula chakula cha mchana, nilipiga simu nyumbani nikiwa napiga pasi. Binti yangu ndiye aliyepokea. Akanimiminia habari: gauni limeshakatwa, fundi amesema akae mbali na mafuta, nyanya yake amemfundisha sala yote hadi mwisho. Nikamwacha aseme hadi akaishiwa. Kisha nikamwambia Desemba haitawezekana.

Nilisikia majogoo, na mama akiuliza kwa mbali kuna nini.

"Ni sababu ulienda kwa ile boti?" akauliza.

Nikasema ndiyo, wanaona nimeshapumzika. Nikaanza kumweleza kwamba sikwenda kutembea, nilikwenda kazi, na sauti yangu ikawa ya kujitetea, mimi na miaka yangu, mbele ya mtoto.

"Najua ulikuwa kazi," akanikatiza.

"Umejuaje?"

"Kwa ile picha. Umelala lakini mkono umeshika jaketi ya huyo mtoto. Umeikunja kwa ngumi. Nyanya alisema umechoka, mimi nikamwambia hapana, anaogopa mtoto aanguke."

Nilisimamisha pasi. Nikaifungua ile picha, nikaikuza. Kofia, kidevu changu, mdomo wazi wa mtu aliyekufa kwa usingizi. Na pembeni kabisa, nusu ikiwa imekatwa, mkono wangu wa kushoto umekamata ukosi wa jaketi la mtoto, kitambaa kimejikunja ndani ya ngumi. Madam alikuwa ameitazama picha ile mara ngapi, na mimi pia. Hatukuuona huo mkono.

"Mum," binti yangu akasema. Aliongea polepole, kama anayechagua maneno ili asinikosee adabu. "Huwa unamshika hivyo kila siku?"

Hakuuliza kwa wivu. Angeuliza kwa wivu ningejua pa kuanzia. Alitaka tu kujua, kama mtu anavyouliza habari za mji ambao hajawahi kufika.

"Nakuja," nikasema.

"Desemba?"

"Desemba."

"Madam amekubali?"

"Bado hajaambiwa."

Nilizima pasi, nikakaa kwenye ngazi ya chini kuwangoja. Nililia kidogo, si sana. Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilijua mkataba mpya sitautia saini, na kwamba nyumba nyingine ya namna hii huenda nisiipate, na mama anategemea mkono wangu. Yote hayo niliyajua, na sikuinuka. Gari likasikika, mlango ukafunguliwa, na mtoto ndiye aliyetangulia. Alikuja mbio, mikono juu, akaruka kutoka kizingitini kama anavyoruka kila siku bila kuangalia anaangukia wapi, na mimi nikamdaka. Nikamkalisha kwenye ngazi, nikamvua viatu. Halafu nikamgeukia mama yake, nikamwambia viza yangu asiifanye upya.