Siku Tuliyouma Magitaa Mapya

Mfanyabiashara yule aliingia ghalani kwetu stesheni akiwa amekasirika mpaka kofia imekaa upande, na kabla hata ya salamu akaninyooshea kidole.

"Sitwayeni, mumeniibia."

Siku hizo sote tulikuwa masitwayeni, yaani wananchi. "Bwana" na "bibi" zilikuwa zimepigwa marufuku, pamoja na tai na majina ya ubatizo. Lakini nakwambia, hata kwa neno lile la heshima mtu aliweza kukutukana vizuri sana. Mimi nilikuwa karani wa ghala la treni hapa Kindu, na kila kilichopotea kati ya Lubumbashi na hapa, nilikuwa nimekila mimi.

"Tumekuibia nini?" nikamuuliza.

"Nyuzi!"

Alikuwa mtu wa Kivu Kaskazini, mwenye duka hapa Kindu, mtaa wa Kasuku: blanketi, chumvi, baiskeli, ndoo. Mtu wa sala kwelikweli, kila orodha ya bei kwake inaanza na "kwa neema ya Mungu". Alikuwa ameagiza magitaa kwa ajili ya kwaya za kanisa lake, na kasha lilikuwa limefika asubuhi ile. Tukaliendea pamoja, akafunua mbao, akatoa majani makavu, akasema, "Tazama mwenyewe. Gitaa iko na nyuzi sita. Hii iko na ine. Na hii ine. Zote! Watu wa treni wametoa mbili mbili."

Nikachungulia ndani. Weee! Moyo uliruka. Yalikuwa yamelala pale kwenye karatasi, mekundu, meusi, moja la rangi ya asali, shingo ndefu, nyuzi nene kama mishipa ya mkono wa mbeba mizigo. Nikasahau kwamba naitwa mwizi.

"Hakuna aliyekuibia," nikamwambia. "Hizi si gitaa za kwaya. Hizi njo besi."

"Besi njo nini?"

"Sauti ya chini. Ile inayomfanya mtu atingishe kiuno bila kujua kwa nini."

Alinitazama kana kwamba nimemletea kasha la dhambi. "Kanisani?"

Nilicheka, naye hakucheka. Mzigo haukuweza kurudi, maana waliomtumia walikuwa mbali na wakaidi. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akafikiri, halafu akaniuliza katika Kindu nzima ni nani anapiga kitu hiki. Nikamtajia: wa Mikelenge, wa Kasuku, wale wa ng'ambo ya mto kule Alunguli, na wengine wa Kalima ambao wangepanda lori kwa jambo dogo kuliko hili. Uso wake ukafunguka. Hao watu wa Kivu, ukiwapa ajali jioni, asubuhi utaikuta imeshakuwa biashara. Kabla ya juma kwisha, ubao ulikuwa umesimama mbele ya duka lake: MAONYESHO MAKUBWA YA GITAA LA BESI. WOTE MNAKARIBISHWA. KWA NEEMA YA MUNGU.

Sasa nieleze habari yangu. Nilikuwa mpiga besi wa kujifurahisha tu. Besi langu nililichonga mwenyewe kutoka ubao wa mti wa libuyu, nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli, na kwa kuwa sikuwa na ampli, lile sanduku la kukuza sauti, lilitoa mlio wa mbu aliyechoka. Jumamosi nilipiga kwenye harusi za jirani na marafiki wawili wenye magitaa ya kawaida. Watu walicheza, lakini hakuna hata mmoja aliyecheza kwa sababu yangu. Kusema kweli nisingekuwapo, wasingejua.

Haya yote ningeyavumilia kama si baba yangu. Baba alikuwa anakaa nasi Mikelenge tangu alipoacha kazi ya kuchimba bati huko Kalima. Baruti ililipuka karibu mno siku moja, masikio yakapasuka, na tangu siku ile hakusikia tena, si jogoo, si treni, si mimi. Kuongea aliongea sana, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kila nikirudi kazini nikashika ubao wangu, alikaa kwenye kiti chake ananitazama nimeuma mbao huku vidole vinatembea, kisha anamgeukia mke wangu na kumuuliza mbele yangu, "Huyu mutoto iko mugonjwa?"

Mke wangu, ambaye siku zote alikuwa upande wa adui, alizungusha kidole kandoni mwa kichwa chake. Baba akaitikia kwa huzuni.

Nilimweleza kwa ishara kwamba huu ni muziki. Alinijibu, "Mi najua muziki. Nilikuwa na masikio zamani. Hiyo yako haina sauti. Uliza bibi yako." Na bibi yangu alithibitisha kwamba haina sauti. Hapo ungefanya nini? Lilinichoma, tena sana. Mzee huyu alinisomesha kwa mgongo wake, na kitu kimoja nilichokifanya kwa kupenda, si kwa kutumwa, alikiona ni ugonjwa. Nilitaka anisikie mara moja tu. Nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyefika Kinshasa kwamba besi likiunganishwa kwenye ampli kubwa halipiti masikioni, linapita kifuani, linaingia tumboni, na hata kiziwi analipata. Na katika mzigo wa yule mfanyabiashara kulikuwa na ampli moja, kubwa kama kabati la sahani.

Basi siku ya maonyesho nikamwambia baba tunakwenda. Ilikuwa Jumamosi, asubuhi tulikuwa tumeshafanya salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro, kwa hiyo mikono yote ya wapiga besi wa Kindu ilikuwa inanuka matope. Baba alivaa abakosti yake moja, koti lile la shingo iliyofungwa tulilovaa badala ya suti. Nikajigusa kifua na tumbo kumwonyesha sauti itapitia wapi.

"Nisikie na tumbo?" akapaza sauti barabarani. "Tumbo yangu inasikia njaa tu!"

Watu waligeuka. Nikatembea haraka.

Ukumbi kando ya duka ulikuwa umejaa. Magitaa yamepangwa juu ya meza iliyotandikwa kitenge, na mfanyabiashara amesimama nyuma yake na kitambaa cha kupangusia vidole vya watu. Sijawahi kuona wanaume wazima wenye adabu vile. Walipita wamefunga mikono nyuma kama wanaaga maiti. Mwalimu mmoja wa Alunguli, mtu mnene mwenye miwani, alilinusa lile la rangi ya asali, akafumba macho.

Lakini enzi zile hukuweza kufungua hata mlango wa choo mbele ya watu bila kwanza kumwimbia Kiongozi wa nchi. Kikundi cha chama tawala kikaingia na sare zake, wakaimba, wakacheza, wakazunguka, wakaimba tena. Mjumbe wa chama akahutubia, na kipaza sauti chake kilikuwa kimechomekwa kwenye ile ile ampli yetu. Akasema besi ni sauti ya umma. Akasema mengi. Sisi tulipiga makofi huku macho yakiwa kwenye taa ya juu, maana umeme wa Kindu ulikuwa na tabia zake na saa zilikuwa zinakwenda. Mjumbe akakaa. Nikashusha pumzi. Mfanyabiashara akasema sasa tutaanza kwa sala fupi.

Fupi! Alimshukuru Mungu kwa treni, kwa reli, kwa kila daraja. Alipofika "amina", taa ikazimika.

"Aaaah!" ukumbi mzima. Jamani, siasa na sala zilikuwa zimekula umeme wote, na besi halijapigwa hata moja. Nilimtazama baba. Yeye hakuwa ametambua lolote, mchana ulikuwa mweupe na kwake ukumbi ulikuwa kimya tangu tulipoingia. Alikuwa amekaa wima kwenye benchi, kiganja kimelala juu ya tumbo lake, anangoja kwa utiifu.

"Bado," akaniambia. "Bado haijafika."

Nilitamani kulia. Nilitamani pia kumrukia mjumbe, lakini hilo lilikuwa na gharama yake.

Mfanyabiashara, akiogopa watu watatawanyika, akaanza kuwagawia magitaa mikononi: shikeni, jaribuni hivyo hivyo. Na hapo wapiga besi wakafanya kile wanachofanya siku zote majumbani mwao. Ukipiga besi bila umeme, huna njia nyingine: unaweka meno kwenye pembe ya juu ya gitaa, unauma, na mbao inakuletea sauti yote ndani ya fuvu. Nje ni mbu, ndani ya kichwa ni ngurumo. Sote tulijifunza hivyo, kila mtu akidhani ni siri yake. Mwalimu wa Alunguli alivua miwani, akauma. Wa Kalima wakauma. Nami nikalipata jekundu, nikainama nikauma.

"Munafanya nini?" mfanyabiashara akapiga kelele. "Munakula mali yangu! Sitwayeni, toa meno! Damu ya Yesu!"

Midomo yetu ilikuwa na kazi. Baba ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akashika benchi. Miaka yote alidhani kuuma mbao ni ugonjwa wangu peke yangu, kumbe mji mzima umeambukizwa! Akasimama, akawageukia watu kama mchekeshaji wa sokoni, akatoa macho, akaja kwangu kwa madaha, na ili anikejeli vizuri akainama upande wa pili wa gitaa langu, kule kwenye kichwa penye funguo za nyuzi, akauma na yeye. Alikuwa na meno machache, yote upande wa kushoto. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko.

Mimi niliendelea kupiga. Nilikuwa karibu na uso wake kuliko mtu yeyote, kwa hiyo ni mimi tu niliyeona. Yale macho aliyoyatoa kwa mzaha yalibaki yametoka, lakini mzaha ulikuwa umekwenda. Nyusi zikapanda. Mkono wake ukapapasa hewani, ukapata bega langu, ukalishika kwa nguvu mpaka likauma. Niliogopa, nikaacha kupiga.

Akanipiga kofi gotini. "Nani amekwambia usimame?" alisema na mbao mdomoni. "Piga!"

Nikapiga. Matope ya salongo yalikuwa bado kwenye kucha, na machozi yananitoka bila aibu yoyote. Alikuwa ananisikia. Baba yangu alikuwa ananisikia! Watu waliendelea kucheka, wakidhani mzee bado anaigiza, na mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni, na mfanyabiashara alikuwa anakuja na kitambaa chake.

Ndipo taa ikawaka. Ampli ikanguruma. Magitaa mengine yote yakatoka midomoni, watu wakakimbilia kule mbele wakisukumana, na mfanyabiashara, ambaye hakuwa mtu wa kusahau wema, akapaza sauti kwamba wa kwanza ni sitwayeni wa stesheni, yeye njo aliyemfundisha besi ni nini. "Kuja! Umeme hautakungoja!"

Ni kweli, usingeningoja. Nilijua vizuri kwamba pengine sitapata tena ampli kama ile maishani. Waya ulikuwa pale, hatua chache, na watu wamenipisha. Nilitazama waya, nikamtazama baba. Meno yake bado yameng'ang'ania mbao, macho ameyafumba sasa, hajui kama umeme umerudi wala kama uliwahi kwenda. Nikatikisa kichwa, na mwalimu wa Alunguli akapita mbele yangu mbio kwa mwili wake wote ule.

Walipiga huko, nadhani walipiga vizuri, sakafu ilitikisika. Mimi nilibaki kwenye benchi na mzee mmoja. Nilimpigia kila nilichokijua, nyimbo za harusi, nyimbo za kanisa, na vile vipande vyangu mwenyewe ambavyo havikuwahi kupata jina. Mwishowe akatoa mdomo kwenye mbao, akajifuta kwa mkono wa abakosti, akanitazama kwa hasira ya kweli, hasira ya baba kwa mtoto wake.

"Uko mbio sana," akasema. "Kila wimbo unakimbia. Unakimbilia wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kunikosoa kwenye besi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulisikia. Nikaitikia kwa kichwa. Baba akainama, akatafuta mahali pazuri kwa yale meno yake ya kushoto, na mimi nikaanza upya, polepole.